JAMAA YOTE INAPOMSAIDIA MAMA KUPIKA CHAKULA CHA KUUZA

Wewe uliyeleta mgonjwa wako hospitalini umekwisha kuona jambo hili. Asubuhi mapema, karibu na mlango, mama mmoja anapanga sufuria zake. Ana maharagi, ana sombe, ana bugali ya moto. Msichana wake anaosha sahani katika beseni. Mwanaume wake analeta maji katika bido. Bibi mzee ameketi kwenye kiti kidogo, anafukuza nzi. Mtoto wa shule anapokea franka kwa watu wanaonunua, kisha atachukua mfuko wake na kwenda masomo.

Kazi hii ni njema. Katika hospitali nyingi za inchi yetu ya Kongo wagonjwa hulishwa na watu wa jamaa zao. Yule aliyetoka mbali hana jiko wala makala, naye hushukuru sana akipata sahani moja ya chakula kizuri. Tena mama huyu huitwa kupika kwa harusi, kwa matanga na kwa mikutano ya kanisa. Kwa kazi hii watoto wanalipiwa shule, na dawa zinanunuliwa.

Lakini mikono inayolisha watu mia moja inaweza kuwaponya njaa wote mia moja, au kuwagonjesha wote mia moja. Ndiyo sababu tunataka kusema nawe leo juu ya jamaa inayosaidia katika kazi ya chakula. Msaada ni baraka, lakini msaada usio na utaratibu unaweza kuleta hatari.

1. Mfano wa harusi

Tufikiri jamaa moja. Mama wa nyumba ameombwa kupika chakula cha harusi ya siku ya posho. Wageni watakuwa 150. Amewaita wote: dada yake, wasichana wake wawili, na mke wa mwana wake. Amewaambia, “Yule atakayefanya kazi atapata fungu lake. Asiyefanya kazi hapati kitu.” Neno hili linaonekana kuwa la haki, sivyo?

Siku ya ine mke wa mwana wake anaanza kuhara. Anakwenda chooni mara tano, mara sita. Anajua kwamba hana nguvu. Lakini mtoto wake amefukuzwa shuleni kwa sababu ya deni, naye anahitaji fungu lile. Basi ananyamaza. Anakunywa maji kidogo, anafunga kitambaa kichwani, na siku ya posho anakuja kazini akicheka kama wengine. Anakata kabeji na nyanya zitakazoliwa bila kupikwa. Anagawanya wali katika sahani kwa mkono.

Harusi inakwenda vizuri. Watu wanasifu chakula. Lakini siku ya kwanza na siku ya pili watoto na wazee waliokula pale wanaletwa hospitalini, wanahara na kutapika. Mtoto mmoja mdogo macho yake yameingia ndani, naye hana machozi tena.

Sasa tujiulize: nani alikosa? Wengine watasema, “Ni yule mke, maana alificha ugonjwa.” Ni kweli, alificha. Lakini tutazame vizuri zaidi. Sharti la jamaa lilimfundisha kuficha. Aliona mbele yake njia mbili tu: kusema kweli na kukosa fedha, au kunyamaza na kulipwa. Jamaa yenye hekima ingemfungulia njia ya tatu. Ingemwambia mbele, kabla ya kazi kuanza: “Yule atakayeugua, aseme. Atapumzika, na fungu lake halitapotea.”

Mama mpendwa, usisahau neno hili. Ni dawa kubwa kuliko sabuni, maana sabuni haiwezi kufanya mtu aseme kweli.

2. Mpishi aliyejiona mzima

Labda utasema, “Mimi nitamtazama kila mtu kwa macho. Nikiona mgonjwa, nitamfukuza.” Lakini macho hayatoshi. Sikiliza habari ya mpishi mmoja wa Marekani, mwanamke aliyezaliwa Ireland mwaka 1869, jina lake Mary Mallon. Alipika katika nyumba za matajiri karibu na New York. Mwaka 1906, katika nyumba moja ya watu 11, watu 6 walishikwa na homa ya matumbo. Mtu mmoja aliyepeleleza magonjwa, George Soper, alifuata habari zake, akaona kwamba katika nyumba nyingi alizopika, watu waliugua homa ile ile.

Lakini Mary mwenyewe alikuwa na nguvu. Hakuwa na homa. Mwaka 1907 waganga walipima choo chake wakaona vijidudu vya homa ya matumbo. Yeye hakukubali. Alifungiwa katika kisiwa, akaachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Lakini hakuwa na kazi nyingine yenye malipo kama ile ya kupika. Akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 watu 25 waliugua katika hospitali ya wazazi alipopika, na 2 wakafa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1938.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: mtu anaweza kuwa mzima kwa macho, lakini vijidudu viko ndani yake na vinatoka katika choo chake. Kwa hiyo kila mtu anawe mikono, si yule mgonjwa peke yake. La pili: mtu akinyimwa njia ya kupata chakula chake, atajificha. Ukimtoa mtu kwenye sufuria, umpe kazi nyingine au umpe fungu lake, asije akarudi kwa siri.

3. Kila mtu na kazi yake

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma kwamba kulikuwa na manung’uniko juu ya kugawanya chakula, kwa kuwa wajane fulani walisahauliwa. Mitume hawakusema kwamba kila mtu afanye anavyotaka. Waliomba watu saba wachaguliwe kwa kazi ile. Basi hata katika kanisa la kwanza kazi ya meza ilitaka utaratibu. Nyumbani kwako ni vivyo hivyo. Kabla ya siku ya kupika, keti pamoja na jamaa, ugawanye kazi hivi:

Mwenye maji. Kazi hii inamfaa baba au kijana mwenye nguvu. Asione haya. Mwanaume anayebeba maji hapotezi heshima yake, anailinda nyumba yake. Maji ya kunywa, na ya kuosha vitu vinavyoliwa vibichi, yachemke kwanza. Yakianza kutokota sana, uyaache yatokote kwa dakika 1. Kama mnakaa katika milima ya juu kupita mita 2000, uyaache kwa dakika 3. Kisha yawekwe katika bido safi yenye kifuniko, wala mtu asitie mkono au kikombe ndani.

Mwenye fedha. Franka zinapita katika mikono mingi, sokoni, katika mifuko, hata chini. Kwa hiyo mtu anayepokea fedha asiguse chakula, na mtu anayegawanya chakula asiguse fedha. Kama mko wawili tu, mgawanye hivyo hivyo. Kama uko peke yako, mnunuzi aweke fedha yake katika kikopo, nawe utoe chakula kwa kijiko kikubwa.

Wenye sufuria. Hawa wawe wachache, watu wawili au watatu. Wanawe mikono kwa maji yanayomwagika na sabuni, wakisugua kwa kadiri ya mtu kuhesabu polepole mpaka 20: kabla ya kuanza, baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto mchanga, na baada ya kushika nyama mbichi au samaki mbichi. Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate nyanya kabla ya kuoshwa. Kuku apikwe mpaka maji yake yawe meupe, yasiwe na damu. Mwenye kidonda mkononi asiwe katika kundi hili.

Mwenye sahani. Achukue mabeseni mawili: moja la maji ya moto na sabuni, lingine la maji safi ya kusuuza. Sahani zikauke kwa jua juu ya utanda. Kitambaa kimoja chenye maji maji, kilichopangusa meza na mikono na sahani, kinabeba vijidudu vingi.

Wazee. Bibi na babu wana macho na subira. Waangalie vifuniko, wafukuze nzi na kuku. Lakini kama mzee, au mtu mwingine yeyote, amekohoa kwa majuma mawili au zaidi, aje hospitalini kupimwa kifua kikuu. Tunampima kwa sababu kuna dawa, naye anaweza kupona. Hatumpimi kwa kumwaibisha.

Watoto. Mtoto anaweza kuleta vijiko, kuhesabu sahani na kuandika madeni katika daftari. Lakini kengele ya shule ikilia, aende. Mama, kama unauza chakula ili watoto wasome, tena unawazuia watoto wasisome ili uuze chakula, kazi yako imekula faida yake yenyewe. Angalia zaidi msichana wa kwanza, maana mara nyingi yeye ndiye anayeachishwa shule kwanza.

4. Hatari ya haraka

Wageni wakiwa wengi, haraka inaingia jikoni. Haraka ina madhara mawili makubwa.

La kwanza ni chakula cha jana. Mara nyingi mama anapika usiku ili asichelewe asubuhi. Wali au nyama ikikaa katika sufuria kwa joto la nyumba, vijidudu vinazaa upesi sana. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto. Kama hakiliwi sasa, kiwe cha moto sana juu ya makala, au kiwe cha baridi kweli katika frigo. Na kuna sumu nyingine za vijidudu zisizoondoka hata ukipasha moto tena. Ni heri kuamka saa tisa za usiku na watu wengi wa kusaidia, kuliko kupika jana na kulala vizuri.

La pili ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Wazee wetu walijua kuuloweka katika maji kwa siku tatu au zaidi, mpaka ulainike, kisha kuuanika. Kazi hii inaondoa sumu. Lakini mtu mwenye kuuza anaona siku tatu ni nyingi. Katika eneo la Bandundu, biashara ya muhogo wa kupelekwa Kinshasa ilipozidi, watu wengine walipunguza siku za kuloweka ili wauze upesi. Ugonjwa wa konzo ukashika watu, hasa wanawake na watoto, wale wanaokula muhogo mwingi na nyama kidogo. Ugonjwa huu ulikuwa umeandikwa na munganga Trolli mwaka 1938, katika inchi ya Kwango. Miguu inakakamaa kwa ghafula, na mtu hatembei vizuri tena mpaka mwisho wa maisha. Hatuna dawa ya kuuponya. Tuna siku tatu za maji tu za kuuzuia. Usiziuze siku hizo kwa bei yoyote. Na sombe nayo itwangwe vizuri, ipikwe kwa muda mrefu bila kifuniko.

5. Moto na watoto

Palipo na watu wengi wa kusaidia, kuna watoto wengi chini ya miguu yao. Mafuta ya kukaangia mandazi na maji ya bugali yamechoma watoto wengi tuliowaona kitandani. Chora mstari kwa majivu kuzunguka moto, hatua tatu kila upande. Mtoto mdogo asivuke mstari huo. Mchague mtu mmoja, hata msichana mkubwa siku asipokuwa na masomo, ambaye kazi yake ni kuangalia watoto tu. Usiseme kwamba kila mtu atawaangalia, maana hapo hakuna anayewaangalia.

Mtoto akichomwa, mwagia pale palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, wala yai, wala dawa ya meno, wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, umlete hospitalini.

Na wakati wa mvua usiingize mbabula yenye makala katika nyumba iliyofungwa. Makala yanatoa hewa yenye sumu. Hewa hii haina harufu wala moshi, nayo huua watu wakiwa wamelala. Jenga kibanda kilicho wazi pande zote.

6. Fedha na mafungu

Jamaa nyingi hazivunjwi na ugonjwa, zinavunjwa na hesabu. Tuchukue mfano. Mama amenunua unga, maharagi, mafuta, makala na sabuni kwa franka 40000. Ameuza kwa franka 55000. Watu wa nyumbani wanaona 55000 mezani, wanafurahi. Baba anachukua 10000, mjomba anaomba 5000, watoto wanataka viatu. Lakini faida ni 15000 tu. Zile 40000 si za kula, ni mbegu. Anayekula mbegu atalima kwa mikono mitupu.

Basi fanya hivi. Jioni, mbele ya wote waliosaidia, hesabu fedha kwa sauti. Kwanza ondoa mbegu, uifunge mahali pake. Kisha gawanya faida kama mlivyopatana: sehemu ya nyumba, mafungu ya waliosaidia, na sehemu kidogo ya akiba. Akiba hii ndiyo inayolipa fungu la mgonjwa. Kama kila siku mnaweka franka 1000, baada ya siku 20 mna franka 20000. Mtu akihara siku mbili, fungu lake lipo, naye hana sababu ya kuficha.

Ndugu wanaokuja kula bila kulipa, wape kwa furaha kama wageni, lakini andika sahani zao katika daftari pamoja na matumizi ya nyumba. Upendo hauogopi hesabu. Kinachoharibu upendo ni manung’uniko yanayosemwa nyuma ya mlango.

7. Mtu akiugua katikati ya kazi

Mtu anayehara au kutapika aache chakula mara moja. Asirudi kwenye sufuria mpaka siku mbili kamili zimepita tangu kuhara kulipokoma. Kama ilikuwa kolera, ndiyo kipindupindu, au homa ya matumbo, asirudi mpaka wauguzi wamemruhusu. Siku hizo anaweza kuandika hesabu, kushona, au kupumzika tu.

Mpe maji ya chumvi na sukari: litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kama choo ni kama maji ya mchele, au kina damu, au macho yameingia ndani, au mgonjwa hawezi kunywa, mlete upesi, hata usiku.

Usidharau jambo hili. Wazee wa Goma wanakumbuka mwezi wa saba wa mwaka 1994, wakati wakimbizi wengi sana walipovuka kutoka Rwanda na kolera ikaua maelfu ya watu kwa majuma machache. Kolera haikutaka silaha. Ilitaka tu maji machafu na mikono isiyooshwa. Mpaka leo haijatoka kando ya maziwa yetu.

8. Neno la mwisho

Mama, wewe unayeamka mbele ya jogoo, tunakuheshimu. Wagonjwa wetu wanapata nguvu kwa sahani zako. Lakini usibebe mzigo peke yako, wala usiwaache wanaokusaidia wabebe mzigo wa siri. Jioni hii, kabla ya kulala, waite wa nyumbani mwako. Ombeni pamoja. Kisha sema mbele yao wote neno hili moja: “Katika jiko hili, yule atakayesema kwamba ni mgonjwa hatapoteza fungu lake.” Na siku ya kwanza mtu atakapolisema, ushike ahadi yako, hata kama wageni ni 150 na mikono ni michache.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Katika mfano wa harusi, kwa nini mke wa mwana alinyamaza? Jamaa ingefanya nini?
2. Kwa nini mwenye fedha asiguse chakula?
3. Muhogo mchungu unalowekwa siku ngapi, na kwa sababu gani?
4. Mtu aliyehara atarudi kwenye sufuria siku gani?
5. Katika nyumba yako, nani anafanya kazi isiyomfaa? Utambadilishia nini kesho?